Makopo Usirudishe

Jumapili, 4 Februari

Binti yangu,

Kondakta atakukabidhi boksi lenye makopo sita ya kioo. Yahesabu mbele yake kabla hajaondoka, yule ana mikono mirefu. Mawili ni karoti, moja bamia, moja nyanya, moja mboga za majani, na la mwisho embe. Vyote nimekausha mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu na mimi tumeshindwana. Miaka yote ile ya kukata vyuma imenila masikio. Ukipiga nasikia mtu anakoroma ndani ya pipa, nami najibu ndiyo, ndiyo, bila kujua nimekubali nini.

Utashangaa baba yako na mboga wapi na wapi. Ni hivi. Wewe uliondoka, lakini bustani haikuambiwa. Inaendelea kuzaa kama tuko wawili. Nilikula nyanya mpaka nikazichukia, nikagawia majirani mpaka wakaanza kunikwepa. Ndipo nikachukua bati lililobaki karakana, nikalipaka rangi nyeusi, nikaunda sanduku lenye kioo juu na trei za wavu ndani, nikaliweka juani. Hakuna aliyenionyesha. Mara ya kwanza mboga zilichacha, mara ya pili ziliungua, mara ya tatu karoti ikavunjika kwa mlio kama kijiti, nikajua sasa imekauka.

Namna ya kutumia: karoti kikombe kimoja, maji vikombe viwili, loweka saa nzima, halafu chemsha polepole kwenye maji yaleyale. Usiyamwage, utamu umo humo. Bamia na nyanya vilevile, ila muda wake ni mfupi kidogo. Chumvi tia mwisho. Ukiitia mapema mboga zinagoma kulainika. Embe tafuna hivyohivyo.

Makopo nirudishie. Vifuniko vinavyobana namna hii havipatikani siku hizi.

Karakana bado nimeifunga. Mwenye duka la matairi ameniuliza kama naipangisha, nikamwambia ina mwenyewe, yuko safarini. Najua ulisema unakwenda kusimama kwa miguu yako kama nilivyosimama mimi. Sawa. Mimi nilianza na tindo moja na nyundo ya kuazima, sikumwomba mtu hata chumvi. Lakini mimi sikuwa na baba mwenye karakana. Wewe unaye, na anazeeka.

Baba yako

*

Jumapili, 11 Februari

Shikamoo Baba,

Boksi limefika salama. Nilihesabu mbele ya kondakta mpaka akaniuliza kama mimi ni mtu wa forodha. Nikamwambia mimi ni mtoto wa fundi vyuma, ni kitu kilekile.

Baba, sikuamini. Wewe, wa kuchoma mayai mpaka yakawa bati! Karoti nilizikaanga na kitunguu, dakika kumi tu zikawa tayari. Jikoni kwangu kuna dirisha dogo linaloangalia barabara, basi harufu ilitoka nje mpaka wapita njia wakainua vichwa. Wenzangu dukani niliwapelekea kidogo, wakasema huyo baba yako aje afungue mgahawa huku.

Kazi inaendelea vizuri. Duka la rangi halikosi wateja, na bosi sasa ananiachia hesabu zote mwenyewe. Anasema tangu nifike hakuna kopo la rangi lililopotea bila kujulikana lilikopotelea. Nimejifunza kwa nani?

Makopo yako sita nayarudisha kwa basi hilihili, usije ukasema nimeyala na yenyewe. Vifuniko viko ndani.

Kuhusu karakana, usimfukuze mwenye duka la matairi kwa ajili yangu. Mimi niko sawa. Nimesimama.

Binti yako

*

Jumanne, 20 Februari

Binti yangu,

Makopo nimeyapokea, sita, na vifuniko sita. Hapo sina neno. Neno langu liko kwenye hesabu.

Makopo mawili ya karoti kavu yalikuwa ndoo nzima ya karoti mbichi. Zile nyanya zilijaza beseni la kufulia. Mboga za majani nilikata tuta zima. Vyote hivyo vikaingia kwenye boksi moja, na wewe umevimaliza ndani ya wiki, wewe na hao wenzako wa kuonja tu, bila kuumwa tumbo. Ama unalisha kikosi cha zimamoto, ama unanipiga chenga.

Halafu hizo dakika kumi. Karoti zile nilikata nene kama kidole. Bila kulowekwa, kwenye mafuta, dakika kumi, ungevunja jino. Hukuzipika, mwanangu. Mtu aliyezipika angenitukana kwanza kwa ugumu wake, ndipo anisifu.

Kwa hiyo umegawa vyote. Kama chakula cha baba yako kinakutia aibu mbele ya watu wa dukani, sema, sitakufa. Nimeshasemwa na wateja wabaya zaidi yako. Ila usinisifie kitu ambacho hukukitia mdomoni. Sitatuma kingine mpaka nijue ni nani anakula.

Mimi hapa napika kwa sufuria ileile ya siku zote, mkono umezoea kipimo cha watu wawili. Nusu inabaki, nampa mbwa wa jirani. Amenenepa. Mtaa mzima ndiye pekee anayefurahi akiniona.

Baba yako

*

Jumapili, 3 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaifungua tena kuangalia kama ni mimi uliyeniandikia au ni kibarua aliyeiba nati.

Sikugawa vyote. Uliandika makopo yarudi, yamerudi. Vilivyokuwemo nilivimimina vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, nikaufunga fundo, nachota humo kidogokidogo. Hiyo ndiyo hesabu yako, imekaa sawa sasa? Ningebaki na hata kopo moja ungeniandikia kurasa mbili kuhusu kifuniko.

Hizo dakika kumi labda zilizidi. Sikuangalia saa. Mtu akipika kwake haandiki ripoti.

Na aibu ya chakula chako sina. Ungeniona ninavyokula usingeandika vile. Unanidhania mabaya haraka sana, Baba, ulikuwa hivyo hata nilipokuwa nyumbani. Kikombe kikivunjika, kwanza mimi, halafu upepo.

Sina mengi. Huku kumeanza mvua na bati linapiga kelele, ila chumba hakivuji.

Binti yako

N.B. Hivi nyanya kavu zinaweza kulainika kwenye chupa ya chai, ile ya kuhifadhi maji moto? Kuna mtu ofisini ameuliza.

*

Jumanne, 12 Machi

Binti yangu,

Mfuko mmoja! Embe na bamia mfuko mmoja!

Sikiliza. Embe hata likikauka vizuri linabaki na unyevu wake, ndiyo maana linapinda kama mkanda wa ngozi bila kukatika. Bamia imekauka kama karatasi. Ukivilaza pamoja, bamia inanyonya unyevu wa embe, karoti nazo zinanyonya, na kwenye plastiki iliyofungwa fundo, chini ya bati la moto, umetengeneza shamba la ukungu. Ukiona hata doa moja lenye manyoya, tupa mfuko wote. Usichambue. Unachokiona juu ni kichwa tu, mizizi imeshaingia ndani. Nasema tupa, na mimi si mtu wa kutupa, unanijua.

Kosa ni makopo yangu. Tuliache hapo.

Nimekutumia boksi jingine. Huyo mtu wa ofisini mwambie inawezekana, tena vizuri, ila afuate utaratibu. Kwanza atie maji ya moto kwenye chupa, aitikise, ayamwage, ili kioo cha ndani kipate joto. Kisha mboga, kisha maji mengine yanayochemka mpaka karibu na shingo, kifuniko akaze. Akifunga asubuhi akitoka, mchana atakuta kimeiva. Asifungue katikati kuchungulia, joto litatoka na chakula kitabaki kama mbao.

Safari hii nimekata nyembamba. Ukiinua kipande cha karoti unaona mwanga upande wa pili. Ni kisu kipya, kikali mno, kiliniendesha chenyewe. Kabla ya kukausha niliziivisha kidogo kwenye maji yanayochemka, kwa hiyo kazi nusu imeshafanyika. Mboga za majani nimezifikicha kwa kiganja. Nyanya nimezisaga unga, na kwa kuwa unga hunyonya unyevu upesi, nimeugawa kwenye makopo madogo. Fungua moja, limalize, ndipo ufungue jingine. Kipimo: unga wa nyanya kijiko kimoja, mboga viwili, karoti nusu kiganja, chumvi wakati wa kula. Na mkate pembeni huyo mtu atashiba.

Embe liko kopo lake peke yake. Lisikutane na mtu.

Makopo usirudishe.

Baba yako

*

Jumatatu, 25 Machi

Baba,

Kisu ni kilekile. Nakijua, kina mpini uliofungwa waya, hujawahi kununua kingine tangu nizaliwe.

Hakuna mtu wa ofisini. Nafikiri ulishajua kabla hujafika mwisho wa barua. Hakuna ofisi pia. Duka la rangi lilifungwa Desemba. Tulifika asubuhi tukakuta mlango una mnyororo na bosi simu haipatikani, tukasimama pale barabarani kama watu wanaosubiri harusi ianze, mpaka mmoja wetu akaanza kucheka. Nyumba ile yenye jiko nikaiacha mwezi uleule.

Nakaa juu ya paa la ghorofa, kwenye kachumba kando ya tangi la maji. Zamani walihifadhia fagio na ndoo. Kitanda kimeingia baada ya kukatwa miguu. Mama mwenye nyumba hataki moto, hata mshumaa, kwa sababu mpangaji mmoja aliwahi kuunguza pazia na ngazi nusu. Umeme ni wa taa tu. Kazi ninayo, naandika magunia yanayoingia na kutoka ghalani. Siku yenye magunia nina kazi, siku isiyo na magunia sina. Pale nje kuna mama anayeuza chai, ananijazia chupa maji ya moto asubuhi na hajawahi kuniuliza ya nini.

Zile karoti nene nilizitafuna kavu. Nilikuwa naweka kipande shavuni nikitoka nyumbani, kikilainika nimeshafika ghalani. Ule mfuko ulipoota ukungu nilichambua, Baba. Ulikuwa hujaniandikia nisichambue. Lakini sitakudanganya tena, hata ungeniandikia ningechambua. Nililala siku kadhaa tumbo likinikata, nikisikiliza tangi likijaa maji na kufurika, likijaa na kufurika. Ngazini hakupanda mtu. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu huku juu.

Utauliza kwa nini sikusema. Kila nikishika kalamu nasikia sauti yako: "Sikumwomba mtu hata chumvi." Ningeanzia wapi?

Ijumaa nilifungua chupa mchana ghalani. Ikatoka harufu ya jikoni kwetu, yaani kabisa, kama mtu amefungua mlango. Wapagazi walikuwa wanacheka na kurushiana maneno. Nikageukia ukuta nikala mpaka mwisho.

Zilikuwa laini, Baba. Zimeiva sawasawa.

Binti yako

*

Jumapili, 31 Machi

Mwanangu,

Rudi.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaketi nikaisoma tena, kisha nikaenda kufungua karakana. Nimefagia. Nimetia mafuta bawaba za mlango, zilikuwa zinalia. Meza ya hesabu nimeisogeza karibu na mwanga. Utashika vitabu, mimi nitashika vyuma, kama tulivyopanga kabla hatujarushiana maneno. Wateja wa zamani watarudi wakisikia nyundo. Chumba chako nimekitandika.

Mwenye duka la matairi nimemwambia aache kuniulizauliza.

Usibebe vyombo, vipo. Usibebe na kile kitanda kilichokatwa miguu. Njoo wewe. Basi la Jumamosi linafika jioni, nitakuwa stendi mapema. Nitavaa lile koti la rangi ya majivu ili usinipotee, maana ukiniita sitasikia.

Kuhusu ile chumvi. Usidhani ulikuwa ushujaa. Sikumwomba mtu kwa sababu hapakuwa na wa kumwomba. Nilivyoendelea kulisema miaka yote likawa kama sifa. Lingekuwapo hata dirisha moja la kugonga, ningegonga.

Wewe unalo. Gonga.

Baba yako

*

Ijumaa, 5 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho na nimemwomba akukabidhi mkononi, pale pale stendi. Najua utakuwa umefika mapema na koti lako. Nisamehe, unapewa bahasha badala yangu.

Sirudi.

Nilifunga mkoba. Ulikuwa mwepesi, haukunichukua muda. Nikaketi juu yake nikapiga hesabu, na wewe ndiye uliyenifundisha kupiga hesabu nimeketi. Nikirudi sasa nitakuwa mtu aliyeletwa. Leo utafurahi, nami nitafurahi, nitalala siku mbili mfululizo. Lakini tutakosana siku moja kwa ajili ya kitu kidogo, bei ya geti au kikombe, nawe hutasema neno, utanyamaza tu, na mimi nitasikia kwenye ule ukimya kwamba nilirudishwa na njaa. Hutakuwa umesema. Nitasikia mwenyewe.

Nimewaza kitu kingine. Mama mwenye nyumba amekataza moto. Jua hajalikataza. Nilimwendea kumuuliza, akafikiri sana, mkono kiunoni, akasema jua si lake. Jirani na ghala kuna soko, ikifika alasiri nyanya zilizolainika zinaachwa kwenye matenga, karoti zilizovunjika zinaachwa, wenye meza wanafurahi ukiwaondolea. Mama wa chai anasema nikimpatia mboga kavu za uhakika ataanza kuuza supu siku za baridi. Huku juu, kati ya tangi na ukuta, kuna nafasi ya meta moja na robo kwa sentimeta themanini. Jua linaingia saa tatu asubuhi na halitoki mpaka saa kumi jioni. Nimelikagua kama gunia.

Kuomba sijui, Baba. Sikufundishwa, na aliyekuwa anifundishe na yeye hajui. Lakini naomba. Niandikie vipimo vya sanduku lako, unene wa bati, trei ngapi, matundu ya hewa yakae wapi.

Usisimame sana stendi. Mvua.

Binti yako

*

Ijumaa, 19 Aprili

Shikamoo Baba,

Mabasi yamekuja na kurudi, neno lako sijalipata. Kondakta anasema barua alikupa mkononi. Anasema uliitia mfukoni bila kuifungua, ukaendelea kusimama mpaka basi likaoshwa. Alipokwambia abiria wamekwisha shuka, ulimjibu, "Ndiyo, ndiyo." Sijui kama ulimsikia.

Kama ni hasira, niandikie hasira. Nimeizoea, nitajua niiweke wapi. Huu ukimya sijui pa kuuweka.

Na kama vipimo ni usumbufu, acha. Nitajaribu na trei ya wavu juu ya matofali, nifunike kitambaa kwa ajili ya nzi. Unga wako wa nyanya umebaki kopo moja. Sijalifungua.

Unakula?

Binti yako

*

Jumapili, 28 Aprili

Mama,

Vipimo si kitu cha kuandika. Mimi naandika sitini, wewe unasoma sitini, fundi wa huko anakata sitini na mbili, kioo hakiingii. Nimekutengenezea sanduku. Kondakta atasaidiana nawe kulishusha, nimeshamsema vya kutosha, atakuwa mpole.

Limekunjwa ili lipite mlango wa buti la basi, na lipite ngazi zenu. Fungua mbavu mbili kwanza, zina bawaba, kisha mgongo, kisha miguu. Mguu wa nyuma ni mrefu kwa makusudi, usiukate kama mlivyokata kitanda. Kioo kinalala mteremko, kikitazama upande linakotokea jua la mchana. Trei ni tatu. Chini kuna matundu ya kuingiza hewa na juu nyuma ya kutolea, yote nimeyaziba kwa wavu mwembamba, nzi hapiti. Jua likiondoka saa kumi jioni, trei ziingize ndani. Ukiziacha nje usiku zitanyonya tena unyevu wote uliouondoa mchana.

Ukitoa chakula juani, kiache kipoe ndipo ukitie koponi. Kikifungwa na joto kinatoa jasho. Wiki ya kwanza usijaze mpaka juu, acha nafasi, tikisa kopo kila asubuhi. Ukiona kioo kimefanya matone ndani, chakula kirudishe juani. Usikionee huruma. Kioo kisipotoka matone, jaza, kaza, andika tarehe.

Kondakta amekwambia nilisimama. Nilisimama kwa sababu nilidhani umelala ndani ya basi. Huwa unalala safarini tangu mdogo, unafika mwisho wa njia umelala, nilikuwa nakubeba. Walipoanza kumwaga maji na sabuni ndipo nikajua hayumo mtu.

Hasira nilikuwa nayo. Barua yako ilikaa kwenye koti siku nyingi, nikiliona koti limening'inia nageuka. Nilipoifungua nikaisoma kama ninavyosoma oda ya kazi, kutafuta mahali mteja alipokosea. Sikupapata. Meta moja na robo kwa themanini. Umepima vizuri.

Bati nilikuwa nalo. Kioo ndicho kilisumbua. Chembamba huvunjika na joto, kinene cha kipimo hicho nimekizungukia mji wote sikukipata. Nilikuwa nacho kimoja, kwenye dirisha la chumba chako. Nimekitoa kizima, hakina hata ufa. Nimekifunga kwa mashuka yako na blanketi, navyo baki navyo, huko juu kuna upepo. Dirisha nimeliziba kwa mbao.

Karakana nimempa mwenye duka la matairi. Ameshaanza kupiga nyundo humo. Si mbaya, zile kubwa nazisikia.

Chumba sasa kina giza mchana kutwa, na ubaridi, na ukavu. Makopo yangu nilikuwa nayapanga jikoni, yalianza kupauka kwa mwanga na kwa joto la jiko, karoti zikawa kama chaki. Nimetoa kitanda, nimeweka rafu. Ukitaka kuhifadhi chakula kavu huwezi kupata mahali pazuri kuliko pale. Hakuna mtu anayefungua mlango.

Nakula. Umeniuliza.

Ukija kutembea utalala sebuleni. Kochi si refu, lakini na wewe si mrefu. Niambie mapema, nitoe vitu vyangu.

Baba yako